Shingo ya gauni la kupishana kukaa wazi

Dada uliyeuliza kwa nini gauni lako la kupishana, lile ambalo upande mmoja wa mbele unalala juu ya mwingine, linakaa wazi: hiyo shingo inayofunguka kifuani mara nyingi si shida ya pateni, yaani karatasi ya kukatia. Ukingo ule umekatwa mshazari, na kitambaa cha kuvutika kinarefuka hata ukikishika tu. Kabla ya kushona, chukua utepe mwembamba wa pamba usiovutika, ukate pungufu ya ukingo kwa sentimita 1 hivi, ubane kwa pini toka begani mpaka kiunoni, ndipo upitishe mshono. Usikivute kitambaa, acha cherehani ikisogeze yenyewe. Hapo ndipo gauni zima linapoamuliwa, tafadhali usiparuke.

Sindano iwe ya ncha butu, namba 80, na mshono wa zigizaga nyembamba. Ulionyooka utakatika siku ya kwanza ukipanda daladala. Gauni litundike usiku kucha kwanza, halafu ndiyo ukate pindo la chini.

Na kwa kuwa uko Moshi, pita soko la mitumba la Memorial utafute gauni la kitambaa cha jezi, kile laini cha kuvutika, kubwa kabisa, ulifumue ulikate la majaribio. Kitambaa kizuri cha dukani kisubiri.