Jibu: Nyumba ya kupanga Naivasha mwaka mzima

Ndugu, umeuliza utapataje nyumba ya kukaa Naivasha ilhali kila tangazo lina bei ya usiku mmoja. Hayo achana nayo, ni ya watalii. Fika mwenyewe mwisho wa mwezi, watu wanapohama, utembee mitaa ya Kabati au Karagita ukiuliza wasimamizi wa ploti, yaani majengo ya nyumba za kupanga. Wiki ya Safari Rally, mbio za magari zinazojaza mji wageni, usijaribu kabisa. Mkataba uandikwe miezi 12, bila kifungu cha kukutoa msimu wa wageni. Mtaa wa Kihoto usidanganywe na bei nafuu: Ziwa Naivasha lilifurika humo 2020 na tena 2025, basi kagua alama za maji ukutani. Maji ya visima nayo yana madini mengi ya floraidi, hugeuza meno ya watoto kahawia. Ya kunywa, kinga maji ya mvua.