Simba wa mita 50: iPhone 17 Pro au S25 Ultra?

SWALI: Habari fundi. Mimi ni dereva na mwongoza watalii, naishi Moshi, ila safari nyingi naanzia Arusha kwenda Tarangire na Ngorongoro. Natafuta simu ya kupigia wanyama picha. Hii iPhone 17 Pro iliyotangazwa tarehe 9 Septemba 2025 wanasema inavuta mara 8. Mwenzangu anang'ang'ania S25 Ultra ya Samsung kwa sababu ina megapikseli 200. Ndugu yangu yuko Dubai, anaweza kuniletea yoyote. Nichukue ipi?

JIBU: Salama kaka. Tuanze na hizo 200, maana zimewauzia watu simu nyingi. Megapikseli moja ni nukta milioni moja za picha. Megapikseli 200 za S25 Ultra ziko kwenye kamera kuu, ile pana. Mnyama akiwa mbali kazi inahamia lenzi ya mara 5, na hiyo ina megapikseli 50. Ya iPhone 17 Pro ni mara 4, megapikseli 48. Ile "mara 8" si lenzi nyingine: simu inakata kipande cha katikati cha picha hiyohiyo, unabaki na megapikseli 12.

Sasa piga hesabu ukiwa garini. Simba wa mita 2 amelala ubavu, mita 50 kutoka ulipo. Lenzi ya mara 4 ya iPhone inachukua upana wa mita 18 hivi, kwa hiyo simba anapata nukta kama 900 kutoka pua hadi mkiani. Kwa S25 Ultra anapata kama 1,000. Tofauti hiyo mgeni wako haioni hata akikodoa macho. Kwa iPhone 16 Pro zingekuwa kama 540, na hapo ndipo toleo jipya limeruka kweli.

Kinachozitenganisha simu ni mwanga. Nyuma ya lenzi kuna kihisi kinachoupokea, na kwenye lenzi ya mbali vihisi vya simu zako zote mbili ni vidogo, vinakaribiana. Xiaomi 15 Ultra na Vivo X200 Pro zina kihisi chenye eneo karibu mara tatu ya hicho. Cha kuchekesha, kinatengenezwa na Samsung wenyewe, ila S25 Ultra haikupewa. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi chui akiwa bado mtini, kihisi kikubwa kinakuonyesha unyoya mmojammoja. Kidogo kinakupa uji.

Ukifika dukani jaribu hivi. Fungua kamera, weka mara 4 au 5, kisha ziba lenzi ya mbali kwa kidole. Picha isipozibika, ujue simu imerudi kwenye kamera kuu kimyakimya na inakuza tu. Rudia kwenye kona yenye giza. Simu nyingi hufanya hivyo mwanga ukipungua.

Kwa picha tupu za alfajiri, mimi ningechukua Vivo au Xiaomi. Lakini simu yako inaishi kwenye vumbi na mashimo, na kioo cha Samsung au iPhone utakipata mjini Arusha kwa urahisi kuliko cha hizo mbili. Kati ya zako, uamuzi uwe wa wageni. Kama wengi wanashika iPhone, AirDrop inawapa picha na video palepale garini bila bando wala mtandao. Kama sivyo, S25 Ultra, tena uvutaji wake ni mrefu kidogo. Yoyote utakayochukua, zima injini na ulaze simu juu ya mfuko wa maharage. Na saa saba mchana usiilaumu kamera, joto linalopanda kutoka ardhini linatikisa picha ya mbali kwa simu zote.

Kuhusu Dubai, angalizo. iPhone 17 Pro za Emirati haziingizi laini ya kadi, ni eSIM tupu, yaani laini iliyo ndani ya simu yenyewe. Nenda kwanza duka la mtandao wako uulize kama laini yako ya M-Pesa au nyingine inahamishika. Na ndugu yako akiwa bado dukani, abonyeze *#06# akutumie IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, uwe nayo. Ikifika huku, itume kwa meseji kwenda 15090 uone kama inalingana na simu uliyoletewa.