Hadi miezi mitano alikuwa mzima, sasa haishi kuugua: anatumia kinga ya mkopo

Dadangu wa Kisauni, swali lako nimelisoma mara mbili. Mtoto ana miezi saba. Hadi mwezi wa tano hakuwahi hata kukohoa, na sasa akitoka kwenye mafua anaingia kuhara, akipumzika kuhara inakuja homa. Mavyaa yako anasema maziwa yako yamechacha kifuani. Jirani anasema ni zile sindano za kliniki zilizommaliza kinga. Nawe wataka kujua nani msema kweli, na kwa nini ya surua umeambiwa usubiri mpaka miezi tisa.

Mimi si daktari. Nimekaa maabara hapa Mombasa miaka 18, kazi yangu ni damu za watu, basi nitakujibu kwa niliyoyaona kwenye tyubu.

Binti yangu alipozaliwa nilikuwa mgeni kazini, kiherehere tele. Nikachukua damu yake kidogo nimpime grupu mwenyewe. Grupu ya damu huangaliwa pande mbili. Kwanza unaangalia chembe nyekundu zimebeba alama gani, A au B. Alama hizo ndizo antijeni. Kisha unageukia maji ya damu, utafute kingamwili, yaani walinzi wa mwili wanaoshika kila kigeni: mtu wa A huwa nazo za kushika B, wa B huwa nazo za kushika A, wa O anazo zote mbili, wa AB hana hata moja. Pande mbili lazima zikubaliane. Chembe za binti yangu zikasema A, kama mamake. Maji ya damu yakanyamaza kimya, hayakushika A wala B, utadhani ni mtu wa AB. Nikarudia mara tatu, jasho lanitoka. Mkuu wangu wa zamu akaja kuchungulia, akacheka hadi akaketi. "Mtoto wa jana huyu, kingamwili wamtafutia za nini? Bado hajatengeneza zake."

Ndipo nilipoelewa kitu nilichokuwa nimekikariri chuoni tu. Mtoto anazaliwa na kiwanda, ila bidhaa bado. Kingamwili alizo nazo mwilini, karibu zote, ni za mamake. Zinavuka kwenye kondo, nyingi katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, ndiyo maana aliyezaliwa kabla ya siku zake huja na akiba ndogo. Tena hazivuki zote. Zinazovuka ni zile za aina ya G. Za aina ya M ni kubwa mno, haziwezi kupita. Na zile za mke wangu za kushika B nyingi zilikuwa za aina hiyo, basi hazikumfikia mtoto.

Sasa huo mkopo unaliwa. Kila baada ya wiki tatu nne hivi unapungua nusu. Chukua shilingi 1,000, zikate nusu kila mwezi, uone mwezi wa sita utabaki na ngapi: hata nauli ya tuktuk ya maana hupati. Na wakati huohuo kiwanda cha mtoto ndiyo kwanza kinaanza kushika moto. Kati ya mwezi wa tatu na wa sita ndipo damu yake inapokuwa na kingamwili chache kuliko wakati wowote mwingine. Ongeza hapo kwamba ameanza uji, anatambaa, kila kitu cha sakafuni kinaishia kinywani. Mwanao hajaharibika kitu. Amefika pale ambapo watoto wote hupita.

Kwa mavyaa yako mwambie kwa adabu kwamba maziwa hayachachi kifuani. Kingamwili zilizo ndani ya maziwa nyingi ni za aina ya A (si ile A ya grupu ya damu), na kwa binadamu haziingii kwenye damu ya mtoto. Zinabaki kooni na matumboni, zinavizuia vijidudu visishike ukuta. Kwa mbuzi mambo ni mengine. Kondo la mbuzi halipitishi kingamwili, basi mtoto wake anazipata zote kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza, na akikosa dang'a siku ile ya kwanza anakuwa hatarini. Kwetu sisi dang'a nayo ina kingamwili tele, na bado nasikia kuna nyumba inakamuliwa na kumwagwa kwa kuwa eti ni chafu. Hilo linaniudhi, lakini tuliache. Wewe endelea kunyonyesha.

Jirani naye amekosea. Chembe nyeupe zinazotengeneza kingamwili hazingoji ugonjwa uje ndipo zifikirie sura. Vipande vya jeni zake vinachanganywa kama karata, kila chembe inatoka na mkono wake, zote tofauti. Mjapani Susumu Tonegawa alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1987 kwa kuonyesha mchezo huo. Antijeni, yaani alama ya kijidudu, ikiingia inaamsha zile chache tu ambazo karata zake zinalingana nayo, zinaanza kuzaana, zilizobaki zinaendelea na usingizi wake. Sindano za wiki ya 6, 10 na 14 zinaamsha za dondakoo, pepopunda, kifaduro na nyinginezo. Hazimalizi kitu. Mkeka mnaoketi unamletea antijeni nyingi kuliko sindano hizo.

Surua sasa. Chanjo yake ni kirusi hai kilichodhoofishwa. Kingamwili za mama zikiwa bado zipo zinakidaka na kukiua kabla mwili wa mtoto haujakijua, na sindano inakuwa imepotea bure. Ndiyo maana Kenya hupewa miezi 9, kisha tena 18. Ukienda harusi Lamu, panga safari isigongane na tarehe hiyo.

Na mkopo huu una sura nyingine inayouma. Aliwahi kuja mama mmoja na mtoto wa miezi minne, amelia macho yamevimba. Yeye anaishi na virusi vya ukimwi na anameza dawa vizuri. Mahali fulani wamemtoboa mtoto kidole, wakatumia kipimo cha haraka, wakamwambia mtoto anavyo. Kipimo kile kinatafuta kingamwili, na kingamwili za mama huweza kukaa kwa mtoto hata miezi 18! Kwa mtoto mdogo hutafutwa kirusi chenyewe, kwa matone ya damu yanayokaushwa kwenye karatasi, yakapimwa kwa PCR, kipimo kinachosaka jeni za kirusi. Majibu yalirudi safi. Wiki zile alizongoja hakuna atakayemrudishia.

Mpeleke mwanao hospitali bila kuchelewa akivuta pumzi kwa shida na mbavu zikizama, akikataa ziwa, akipata degedege, au akilegea. Na akiwa haongezi uzito, au maambukizi makubwa yanamrudia rudia, mwambie daktari aangalie zaidi.

Binti yangu alipata homa akiwa na miezi kumi. Tukampima malaria, ikabaki damu kidogo kwenye tyubu. Mimi na kiherehere changu nikaitenga, nikaweka maji yake pamoja na chembe za B. Zikashikana, kwa udhaifu, vijinukta vidogo tu vya kuonekana ukikaza macho. Bakteria wa tumboni wana sukari zinazofanana na B, ndio waliomfunza kutengeneza kingamwili zake mwenyewe. Nikapiga picha nikampelekea mamake. Akanijibu: "Hii ndiyo nini, na dawa ya homa umenunua?"