Mama alivunjika mkono bafuni: je, supu ya mifupa inatosha?

SWALI: Shikamoo mama. Mama yangu ana miaka 62. Aliteleza bafuni, akajikinga kwa mkono, kifundo kikavunjika. Hogo limeshatolewa na mfupa umeunga. Majirani wananishauri nimchemshie makongoro na supu ya mifupa kila siku, na asiguse kazi yoyote. Je, ni sahihi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, pole kwa kuuguza. Nashukuru mfupa umeunga, ila sijaona popote mlipoulizia kwa nini ulivunjika. Mama hakuanguka kutoka mwembeni wala kwenye bodaboda. Alikuwa amesimama tu. Katika kazi yangu ya kuwafanyisha mazoezi wagonjwa wa mifupa, nimewapokea akina mama walioanza na kifundo cha mkono, kisha wakarudishwa na nyonga iliyovunjika. Hiyo nyonga ndiyo inayonitia hofu.

Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hushuka na mfupa humomonyoka upesi kuliko unavyojengwa, na wala hauumi. Msimamishe mama avae gauni lake la zamani. Pindo la mbele likishuka na la nyuma likipanda, huenda pingili za uti wa mgongo zimeanza kubonyea.

Supu haina ubaya, lakini kalsiamu nyingi hubaki ndani ya mfupa mnaoutupa. Mwanamke wa umri wake anahitaji kama miligramu 1,200 kwa siku. Glasi ya maziwa au mtindi ina takriban 300. Hapo dagaa ndio mkombozi wenu, kwa kuwa huliwa pamoja na mifupa yao. Wapikeni kwa nazi, na sukuma wiki pembeni. Mchicha nao una kalsiamu, ila mwili hupata kidogo tu. Kama mama huvaa buibui kila atokapo, akae uani mikono na miguu ikiwa wazi, apate jua la kutengeneza vitamini D.

Hilo la kutogusa kazi silikubali kabisa. Mfupa usiobebeshwa uzito hudhoofika. Atembee kila siku, na asubuhi na jioni ainuke kitini mara kumi bila kujishika, wewe ukiwa karibu. Ndoo iliyojaa asiinamie. Kandambili zilizolika soli zitupe leo, na taa ya bafuni iwake usiku.

Muulize pia kama anatumia prednisoloni kwa pumu au baridi yabisi, au amewahi kumeza vile vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kwa siri. Vingi ni deksamethasoni, nayo hula mifupa. Inaniuma kuona wasichana wadogo wakipewa na shoga zao. Hata hivyo, aliyetumia dawa hizi kwa muda mrefu asiache ghafla. Ni hatari, amwone daktari kwanza.

Kwa daktari mwende hata kama mkono hauumi tena. Mwambieni alianguka akiwa amesimama, na umtajie kama bibi yako aliwahi kuvunjika nyonga. Ulizeni kipimo cha uzito wa mifupa. Ni eksirei ndogo, haina maumivu. Akiandikiwa alendroneti, dawa ya kuimarisha mifupa, ameze asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji matupu, na asijilaze kwa nusu saa, isije ikamuunguza koo la chakula.