Laptopu ya Windows 10, usiitupe bado

Mkuu, fundi aliyekwambia laptopu yako ya Windows 10 imekufa ununue mpya hajakwambia yote. Ni kweli Microsoft waliacha apdeti za kawaida za usalama tarehe 14 Oktoba 2025, ila mashine itaendelea kuwaka tu, shida ni matundu mapya hayazibwi na hapo ndo wezi wanapoingilia, si unakumbuka WannaCry, kile kirusi cha kufunga mafaili na kudai pesa, cha Mei 2017, dawa yake ilishatoka tangu Machi ila watu hawakuiweka, hospitali za Uingereza zikafungiwa mafaili.

Cheki kwanza hivi: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, ukiona TPM (chipu ya usalama) ni toleo 2.0 na prosesa ni Intel kizazi cha 8 kwenda juu, mara nyingi unahamia Windows 11 bure. Ikigoma jiandikishe ESU (apdeti za usalama za nyongeza) kwenye mipangilio ya apdeti, hiyo inakulinda hadi 13 Oktoba 2026. Mi ya kwangu ya kizazi cha 6 niliipiga Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, hata feni imeacha kelele. Ila bekapu kwanza aisee, kwenye flashi, sio kwenye mashine hiyohiyo kama alivyofanya shemeji yangu.