Maswali yenu: Nicodemus, mji wa weusi kwenye mbuga za Kansas

Tangu niigusie Nicodemus, kaunti ya Graham, Kansas, maswali hayajakatika. Nimechagua haya. Yaliyokwisha kujibiwa sitayarudia, isipokuwa moja ambalo linanichosha.

Ni kweli weusi walikuwa na mji wao wenyewe Marekani?

Ndiyo. Tena si mmoja.

Hawa si ndio wale waliokimbia Kusini kwa maelfu mwaka 1879?

Hili ndilo linalonichosha. Sio hao! Nicodemus ulianzishwa 1877, miaka miwili kabla ya wimbi hilo, na wengi wa walowezi wake walitoka Kentucky. Someni tarehe kwanza, ndipo mtume swali.

Kwa nini waliishi kwenye mashimo? Walishindwa hata kukata miti?

Miti ipi, ndugu yangu? Ile ni mbuga ya nyasi, upepo mtupu, na miti michache iliyopo imejibanza kando ya mto Solomon. Walichimba ubavuni mwa kilima wakaezeka kwa matawi na udongo. Aliyewahi kulala ndani ya tembe la Wagogo atapata picha, ila hili limezama ardhini zaidi. Kuni hakuna, kwa hiyo waliwasha mashina ya alizeti na mavi makavu ya nyati.

Willianna Hickman alifika majira ya kuchipua ya 1878 pamoja na mumewe mchungaji. Waliposhuka treni mjini Ellis, surua iliwaua watoto kadhaa wa msafara wao. Kutoka hapo walisafiri siku mbili, kama kilomita 50, wakiongozwa na dira. Wanaume wakapaza sauti kwamba Nicodemus ule pale. Mama akatazama huku na huku, haoni nyumba. Akaonyeshwa moshi unaotoka ardhini. Alikuja kusimulia mwenyewe kwamba alianza kulia.

Sasa niwaambie ambalo hamkuuliza. Mama huyo na wenzake walifikishwa pale na matangazo. Kampuni iliyoanzisha mji na kuuza viwanja vyake ilikuwa ya W. R. Hill, dalali mzungu wa viwanja, na weusi kina W. H. Smith na mchungaji Simon Roundtree. Tangazo moja la Lexington, Kentucky, liliwaita weusi waende Kansas kwa dola 5. Wapo waliofika, wakaona hali ilivyo, wakageuza siku ya pili. Na Hill? Alianzisha mji mwingine upande wa magharibi, na hadi leo makao makuu ya kaunti yanaitwa Hill City. Ninyi mnaolipia viwanja kwa picha za simu, mmesikia?

Serikali iliwapa ardhi bure, basi walalamike nini?

Bure gani? Sheria ya 1862 ya kugawa ardhi ya serikali kwa walowezi ilitoa ekari 160 kwa ada, na sharti ukae miaka 5 ukilima. Walowezi wengi wa Nicodemus hawakuwa na plau wala farasi. Nyasi zile zenye mizizi kama mkeka walizivunja kwa jembe la mkono. Wanaume walikwenda kwa miguu kutafuta vibarua kwenye reli na mashamba ya mbali.

Na ardhi haikuwa pori lisilo na mwenyewe. Wakansa, wenyeji wa asili ambao jimbo linabeba jina lao, walihamishiwa Oklahoma 1873. Wazee wa Nicodemus wamerithishana habari kwamba majira yale ya kwanza ya baridi, Waosage, kabila jingine la wenyeji wa asili, waliokuwa wakirudi mawindoni waliwagawia nyama. Anayesema "ardhi tupu" aniambie basi nyama ilitoka kwa nani.

Mji ulikufa kwa uvivu au kwa ukame?

Uvivu! Mji ulikuwa na hoteli, maduka, shule, makanisa na magazeti mawili. Edward McCabe, mkazi wake, alichaguliwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima mwaka 1882. Ukame uliuma, sikatai, lakini kisu kilikuwa reli. Mwaka 1887 wakazi walipiga kura kutoa dola 16,000 za hati za mkopo ili kampuni ya reli ya Missouri Pacific ipite kwao. Haikupita. Mwaka uliofuata kampuni nyingine, Union Pacific, ikatandika njia upande wa pili wa mto, kikazaliwa kituo cha Bogue kilomita chache tu kutoka pale. Wafanyabiashara wakafuata, wengine wakakokota na majengo yao. Ofisi ya posta ilijikongoja hadi 1953.

Niko Wichita. Nikienda nitaona nini?

Majengo matano ya kale, likiwamo kanisa la AME (la Wamethodisti weusi), shule ya 1918 na ukumbi wa 1939. Tangu 1996 ni eneo la kihistoria la taifa. Wakazi hawafiki 30, kwa hiyo nenda wikiendi ya mwisho ya Julai, wajukuu wanaporudi kutoka kila jimbo kwa sherehe ya ukombozi kutoka utumwani. Hoteli hakuna. Utalala Hill City, na mwenye jina lake sasa unamjua.