Nimeapishwa nisiseme: maswali ya wasaidizi rika

Kazi yangu ni kufundisha vijana wa miaka 18 hadi 24 wawe wasaidizi rika wa afya ya akili, yaani watu wa kwanza ambao kijana mwenzao anaweza kuwaeleza yaliyomlemea. Haya ni baadhi ya maswali niliyoletewa mwezi huu.

Shikamoo mwalimu. Nina miaka 21, nimemaliza kidato cha sita na nimechaguliwa kwenye mafunzo hapa Morogoro. Sijasoma saikolojia hata siku moja. Nitamsaidia nini mtu mwenye sonona, ile huzuni nzito isiyoisha?

Marahaba. Hutamtibu, na asikutume mtu ukamtibu. Utamsikiliza mpaka amalize, utamsaidia achague tatizo moja la kuanza nalo, na utajifunza kumtambua yule ambaye hali yake imekuzidi ili umfikishe kwa mtaalamu.

Usidhani nakufariji tu. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, nchini Zimbabwe, waliokaa kwenye benchi na kuzungumza na watu waliolemewa. Kwa Kishona hali hiyo huitwa kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Sisi tungesema mawazo yamemzidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliopitia benchi hilo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Kwa vijana, mfano uko jirani zaidi. Taasisi ya Shamiri ya Kenya iliwachukua vijana waliotoka sekondari karibuni, ikawafundisha kwa muda mfupi, nao wakaongoza vikundi vya wanafunzi kwa vipindi vinne. Hawakuhubiri habari za ugonjwa. Walizungumza kuhusu mtu kuweza kubadilika, kuhusu shukrani, na kuhusu mambo ambayo kila mmoja anayathamini. Katika jaribio la wanafunzi 413 lililochapishwa mwaka 2021, dalili za sonona na wasiwasi zilipungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma.

Kitakachokutesa ni kunyamaza. Siku ya kwanza huwa nawapa wanafunzi wangu dakika tano za kusikiliza bila kushauri, na wengi hawafiki mwisho. Wanaponyokwa na "vumilia, wapo wenye shida kuliko wewe". Sentensi hiyo hufunga mlango. Iache nyumbani.

Rafiki ninayemsikiliza ameniambia anafikiria kujiua, kisha akaniapisha nisimwambie mtu. Nikisema, si nitakuwa nimemsaliti?

Sema, na useme leo. Lakini anza naye mwenyewe: "Nilikuahidi, ila hili siwezi kulibeba peke yangu, na sitaki kukupoteza. Twende wote." Muulize waziwazi kama amepanga namna na wakati. Watu wengi wanaogopa kuuliza wakidhani watampandikizia wazo, hawampandikizii. Mara nyingi ndipo anapata kushusha pumzi. Kama amepanga, hiyo ni dharura: asiachwe peke yake, vitu anavyoweza kujidhuru navyo viondolewe karibu yake, na mtu mzima mnayemwamini awasindikize hospitali. Kama ni mtoto, namba 116 hupokea simu za watoto Tanzania na Kenya. Kenya kuna pia 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Kumpa namba peke yake bado si kumfikisha. Chibanda amesimulia kwamba kabla ya benchi lile alimpoteza mgonjwa aliyeshindwa kufika hospitali kwa kukosa nauli ya basi. Kwa hiyo uliza: nauli ipo? Nani anampeleka? Amefika? Kesho yake uliza tena.

Wapo wanaoficha kwa kuogopa polisi. Kumweleza mtu kwamba unawaza kufa si kosa la jinai. Na kwa wasomaji wa Kenya, Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume cha Katiba. Nililipokea hilo kwa furaha kubwa.

Siku nyingine usikubali kuapishwa kabla hujasikia. Mwanzoni kabisa mwambie mwenzako: utakayoniambia yanabaki kwangu, isipokuwa uhai wako au wa mwingine ukiwa hatarini, au mtoto akiwa anadhulumiwa.

Binti yangu ni msaidizi rika. Simu yake inalia saa saba usiku, hali chakula vizuri, halali usingizi. Nimkataze? Mama, Tanga

Usimkataze bado, dada yangu. Muulize kwanza: msimamizi wako ni nani, na mara ya mwisho mmezungumza lini? Akikosa jibu, hapo ndipo penye tatizo.

Niliwahi kuwa mkufunzi katika mafunzo ambayo vijana walipewa fulana na vyeti, wakapigwa picha, basi. Hakuna aliyewapigia tena, hata mimi. Miezi mitatu baadaye mmoja wao alikuja mlangoni kwangu akilia kwa mambo ya watu aliyokuwa amejaza kifuani. Tangu siku hiyo siendi kufundisha mahali ambapo hakuna mtaalamu atakayekaa na vijana hao walau kila baada ya wiki mbili, na saa za kuzima simu zilizokubaliwa na wote. Binti yako ana haki ya kuyadai hayo. Asipopewa, ana haki ya kuacha, na asione aibu.

Kwetu wanasema haya ni majini. Nibishane nao?

Usibishane. Dua iendelee na kliniki iendelee. Ila ukiona mtu amefungwa kamba, ananyimwa chakula au amesimamishiwa dawa, nenda kwa afisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo.

Kijiweni kwetu bodaboda, ukisema una mawazo unachekwa. Nianzie wapi?

Usiwaitie mkutano, na neno "afya ya akili" liweke kando kwanza. Subiri mwenzako akiwa peke yake anaosha pikipiki. Shika kitambaa umsaidie, umuulize hesabu ya tajiri imekwendaje wiki hii, na nyumbani analala saa ngapi. Akikujibu kwa mzaha, cheka naye. Keshokutwa rudi, mkiwa wawili tena, umuulize.